Chwaka: Kumfuata Samaki Asiyekimbia

Alhamisi, Mjini Unguja

Nimevuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na bahari ilikuwa imelala kabisa. Ni Novemba, wakati wa maleleji: kusi limekwisha na kaskazi halijashika. Nimeuchagua mwezi huu makusudi, maana nimekuja kumtafuta farasi-bahari. Pasipo upepo, maji ya upande wa mashariki wa kisiwa hutulia, mchanga ukashuka, na mtu akaweza kuona kilichopo chini.

Darajani nimenunua miwani ya kuzamia na mrija wake, pamoja na mikate ya ufuta ambayo nusu yake imeisha kabla sijafika kwenye kituo cha daladala. Mwezi unakaribia kuwa mpevu, kwa hiyo nitakuta bamvu. Wakati wa bamvu bahari ya Unguja hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa kuwa Ghuba ya Chwaka ina kina kifupi, maji yakitoka sehemu kubwa ya sakafu yake hubaki juani au chini ya maji ya magotini. Kwa mtu asiye mzamiaji kama mimi, hiyo ndiyo nafasi.

Ninafundisha baiolojia sekondari huko Tanga. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya samaki, wanafunzi hunibana kuhusu farasi-bahari kuliko hata papa. Wapo wanaodhani ni mnyama wa ngano. Nikishawaambia kwamba ni samaki kamili, mwenye matamvua na mapezi, na kwamba anaishi kwenye pwani yetu hii hii, swali linalofuata ni lile lile: samaki asiyejua mbio anaponaje kwa wenye mbio? Vitabuni majibu yapo. Nimekuja kuyatazama yakiwa hai.

Ijumaa, Chwaka

Kilomita 30 na ushei kutoka mjini, lakini daladala imetumia zaidi ya saa nzima, maana kila kijiji lazima kishushiwe gunia. Ijumaa wavuvi wengi hapa hawatoki mpaka baada ya sala. Pwani nilikuta ngalawa zimepandishwa mchangani na vijana wanatia kalafati.

Nilielekezwa kwa mzee anayesuka dema, mtego wa samaki wa fito, chini ya mkungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu Chwaka. Umekuja kununua samaki?"

Nikamwambia samaki ninayemtaka. Alicheka mpaka akaweka fito chini. "Huyo? Huyo si kitoweo, mfupa mtupu! Anaingia demani kwa miguu yake, tunamtoa, tunamtupa." Kisha akasema jambo nililoliandika hapo hapo: "Ukimkuta kwenye majani hakimbii. Anakugeuzia kisogo. Anajua mbio hana, ajisumbue kwa lipi?"

Majani anayoyasema ndiyo utajiri wa ghuba hii. Ni mimea ya kweli, yenye mizizi, maua na mbegu, inayoota chini ya bahari kwa aina zipatazo 10. Mengine ni membamba, mengine yana upana wa mkanda na urefu wa kumpita mtoto. Tasi, pono na changu wanaouzwa sokoni hapa hutoka humo kwa wingi. Nyuma ya majani, kusini, kuna mikoko hadi karibu na msitu wa Jozani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina aina kadhaa za farasi-bahari. Ninayempenda kwa jina ni Hippocampus camelopardalis, aliyebatizwa na Mwitaliano Bianconi mwaka 1854; kwa jina hilo farasi amekuwa twiga. Yupo pia histrix, mwenye miiba mirefu mwili mzima. Duniani kote wanazidi aina 40, wengine wakubwa kufikia sentimita 30, wengine wadogo kuliko kucha ya kidole gumba.

Jumamosi, juu ya majani

Tumetoka saa mbili, maji yakikimbia. Nahodha ni mjukuu wa mzee wa dema, kijana mchache wa maneno, anayesimama nyuma ya mtumbwi na pondo lake kama hana haraka na dunia. Alinipa ushauri mmoja: nisitafute samaki, nitafute jani lililokaa vibaya.

Nilielea juu ya majani uso ukiwa majini mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Niliona kaa, niliona dome akinibadilishia rangi, niliona chuchungi juu juu. Farasi hakuna. Kumbe nahodha alikuwa amekwisha kumwona na ananisubiri. Alinionyesha kwa ncha ya pondo shina moja la jani, nikalikodolea macho na bado sikuona kitu. Kisha "jani" likageuza jicho.

Jicho tu, kichwa hakikusogea. Macho ya farasi-bahari huzunguka kila moja kivyake, moja laweza kutazama mbele huku jingine likichungulia nyuma, kwa hiyo hana haja ya kugeuka ili ajue nani anakuja. Nimewahi kulifundisha hilo darasani kana kwamba ni kioja. Leo nimeelewa kazi yake. Mnyama anayetegemea kutoonekana hawezi kumudu kugeuza shingo.

Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani kilichochakaa, rangi ile ile ya jani lililoanza kuota uchafu. Na uchafu wenyewe alikuwa nao: manyoya mafupi ya ngozi kichwani, na juu yake mwani mdogo halisi, ulioota mgongoni kwake kama unavyoota kwenye jiwe. Rangi hiyo si ya kuzaliwa. Ngozi yake ina seli za rangi zinazotanuka na kusinyaa. Mabadiliko madogo hutokea papo hapo, na akikaa mahali kwa siku nyingi hufanana napo kabisa. Miiba mirefu hakuwa nayo, kwa hiyo histrix si yeye.

Nilipomkaribia akafanya kile alichosema mzee. Aliinamisha kichwa hadi pua ikagusa kifua, akazunguka taratibu nyuma ya shina, akaniachia mgongo. Nikahama upande wa pili, naye akahama. Shina lilikuwa jembamba kuliko mwili wake, lakini lilitosha kuuvunja umbo lake, nikawa naona vipande viwili ambavyo hakuna kimoja kilichofanana na samaki.

Baadaye, baada ya kungoja sana bila kujitikisa, aliachia shina na kuogelea. Sijui kama neno "kuogelea" linamtosha. Alisimama wima na kusogea mbele kama anayesukumwa na kitu kisichoonekana. Pezi la mgongoni hulioni likipunga, unaona ukungu tu, kwa kuwa hupiga mara 30 hadi 70 kwa sekunde moja, wimbi dogo likipita kutoka mwanzo wa pezi hadi mwisho wake. Hiyo ndiyo injini yote. Mapezi mawili madogo nyuma ya mashavu, pale ambapo kwa farasi wa nchi kavu ungetafuta masikio, ni usukani. Pezi la mkia, ambalo jodari hulitumia kusukuma mwili mzima, hana kabisa. Kupanda na kushuka ni kazi ya kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili: akiongeza hewa kidogo anainuka, akipunguza anazama, bila kupiga pezi.

Kwa mwendo huo alitumia muda mrefu kuvuka nafasi ambayo mkono wangu ungeivuka mara moja. Lakini sikuona mahali alipokosea. Alipita katikati ya majani bila kugusa hata moja, akarudi nyuma kidogo, akapanda, akashuka, akasimama palepale maji yakimpita. Samaki wenye mbio hawawezi hayo humo ndani. Mbio zao zinahitaji uwanja, na kwenye majani uwanja hakuna.

Halafu akala. Sikuona alivyokula, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuona. Kichwa kilikuwa chini, mara kikawa juu, na nikasikia, au nilidhani nimesikia, mlio mdogo wa mfupa. Chakula chake ni vidudu vya maji viitwavyo kopepodi, vyenye mbio za ajabu: vikihisi maji yametikisika hutoweka. Mwaka 2013 Brad Gemmell na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba umbo la kichwa na pua ya farasi-bahari hupita majini bila kuyasumbua mbele ya ncha ya pua, hata akafika karibu na windo kiasi cha milimita moja. Hapo huruka kichwa tu, kwa muda unaopungua milisekunde moja, na kuvuta windo kwa mdomo usio na meno. Katika maji yaliyotulia alifaulu mara 9 katika kila 10.

Kwa hiyo si kweli kwamba samaki huyu hana kasi. Anayo, ila ameiweka shingoni. Na shingo ile iliyopinda, inayompa sura ya farasi, ndiyo inayomwezesha kufikia mbali zaidi kwa mpigo mmoja kuliko jamaa zake walionyooka. Ajabu nyingine ni kwamba hana tumbo la kuhifadhi chakula, chakula hupita haraka, kwa hiyo hana budi kuwinda mchana kutwa. Mwindaji asiyetoka mahali pake.

Jumapili, demani

Mzee mwenyewe ametoka nasi leo. Dema la tatu tulilolinyanyua lilikuwa na tasi, kaa wawili, na farasi-bahari mmoja aliyejifunga mkia kwenye fito ya ndani. Mzee alitaka kumtoa kwa kumvuta. Nikamwomba asimvute, tukaliweka dema majini ubavuni mwa mtumbwi, nikaingiza mkono.

Sikutegemea nguvu ile. Mkia wenye unene wa kalamu ulikuwa umejizungusha mara mbili na haukulegea. Nilipoutoa polepole kwa kuusukuma badala ya kuuvuta, ulihamia kwenye kidole changu na kukishika vile vile. Hapo nikapata nafasi ya kuupapasa, na nikakutana na jambo ambalo watu wengi hawalijui: mkia wa farasi-bahari si mviringo. Una pande nne.

Hana magamba. Chini ya ngozi nyembamba amevaa mabamba ya mfupa yaliyopangwa pete kwa pete, kutoka shingoni hadi ncha ya mkia. Mkiani kila pete ina mabamba manne, kila moja limepinda kona, na pete hizo hukaribia 36. Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Clemson na wenzake walijiuliza kwa nini mraba, ikiwa karibu kila mkia duniani ni duara. Walichapa kwa printa ya 3D mikia ya bandia ya namna zote mbili, wakaikandamiza na kuisokota, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 2015. Mkia wa mraba ulishinda kotekote. Ukibanwa, mabamba yake huteleza moja juu ya jingine, halafu hurudi mahali pake. Na kwa sababu una nyuso bapa, unagusana na kitu unachokishika kwa eneo kubwa zaidi. Utafiti wa kabla ya huo ulikuwa umeonyesha kwamba mkia unaweza kubanwa hadi nusu ya upana wake bila kuharibika.

Nani ambanaye? Nikamwonyesha mzee kaa waliokuwa demani.

"Ndiye huyo," mzee akasema. "Kaa hana haja ya kukimbiza. Anakuja usiku, anapapasa."

Nadhani mzee amegusa kiini. Kujificha humzuia adui mwenye macho. Kaa anayepapasa gizani kwa makucha hadanganyiki na rangi, na kwa huyo limebaki vazi la mfupa. Taa naye hula chini kwa chini, na samaki wa kuvizia wapo. Hata ndege wa majini humla. Anayemmeza hupata mifupa mingi na nyama kidogo, ndiyo maana samaki wengi wenye chaguo humwacha.

Alipokuwa bado kidoleni nilihisi mtetemo. Kwanza nilidhani ni damu yangu mwenyewe. Ilikuwa ni yeye. Watafiti wa Brazil walirekodi aina ya kwao, Hippocampus reidi, ikitoa mngurumo wa chini inaposhikwa, pamoja na mtikisiko wa mwili, labda ili kumshtua aliyemkamata amwachie kwa nukta moja. Mimi nilishtuka kweli, lakini sikumwachia mpaka nilipomrudisha kwenye majani.

Jumatatu

Mvua ya vuli imeshika tangu alfajiri. Hatukutoka. Nimekaa barazani na wavuvi, kahawa chungu na kashata, na mazungumzo yakaangukia nyavu.

Ugomvi wa nyavu za kukokota uliwahi kugawa vijiji vya ghuba hii, na hata leo ukiutaja watu huangaliana kwanza. Mvuvi mmoja wa makamo, ambaye hakuficha kwamba ujanani alilivuta juya, alisema waliwakuta farasi-bahari humo wakiwa wamekumbatia majani yaliyong'oka. Nilitafakari hilo siku nzima. Ulinzi wote nilioutazama tangu juzi, kunyamaza, kufanana na jani, kushika kwa nguvu, ni ulinzi dhidi ya adui anayechagua. Wavu hauchagui. Aliye na mbio huenda akauruka au akaupitia pembeni. Anayeshika jani huja pamoja na jani lake.

Mwingine alikumbuka wanunuzi wa majongoo bahari waliokuwa wakichukua na farasi-bahari waliokaushwa, kwa ajili ya dawa za Kichina. Biashara hiyo ya kimataifa iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa uamuzi wa mwaka 2002 ulioanza kufanya kazi Mei 2004: nchi inayouza inatakiwa kuthibitisha kwamba uuzaji hauwamalizi. Barazani hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo. Jua lilitoka saa kumi, nguo zangu hazikukauka.

Jumanne, Michamvi

Tumevuka alfajiri maji yakiwa yamejaa, kwa mashua ya abiria iliyobeba pia mbuzi na baiskeli. Michamvi ndiyo rasi inayoifunga ghuba upande wa mashariki. Mchana maji yalipotoka niliwafuata kina mama kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, kikaenea pwani yote ya mashariki. Vigingi viwili, kamba katikati, na vichipukizi vya mwani vimefungwa kwa vikamba viitwavyo tai-tai.

Bi mkubwa mmoja aliponisikia ninachotafuta akaniita. "Njoo huku, mwalimu. Wako kwenye kamba zangu, wananiibia kivuli." Na kweli, kwenye kamba iliyokuwa bado majini alikuwapo mmoja, mkia kwenye tai-tai, tumbo limevimba chini. Dume. Jike hutaga mayai ndani ya mfuko wa tumboni mwa dume, naye huyalea humo kati ya wiki mbili na nne kutegemea aina na joto la maji, kisha huzaa kwa kujikamua, watoto mia kadhaa kwa wakati mmoja.

Kina mama wote wakasimamisha kazi nilipoeleza hayo. Mmoja aliuliza kama huyo dume hupewa na likizo. Bi mkubwa hakucheka, alitaka kujua nani anawalinda watoto wakishazaliwa. Hakuna. Wanazaliwa wakiwa na umbo kamili, wadogo kama punje, na mara nyingi huchukuliwa na maji pamoja na viumbe wengine wanaoelea. Hapo hawana jani la kushika wala rangi ya kujifananisha nayo. Wanaofika ukubwani ni wachache mno.

Jozi nyingi hukutana kila asubuhi, hushika shina moja, hubadili rangi na kuzungukana dakika chache, kisha kila mmoja akarudi kwake. Kwa mnyama asiyetembea mbali hiyo ni njia ya kujua mwenzake yupo, bila kupoteza nguvu na kujianika kwa maadui kumtafuta mwingine. Bi mkubwa alisema anawajua wanaume wa nchi kavu wasiofika hapo.

Jioni tumerudi na maji.

Jumatano, Chwaka

Nilikuwa nimekwisha kufunga mkoba nahodha alipokuja kuniita sokoni. Ngalawa iliyotoka nje ya mwamba imeleta fulusi, na mpasuaji amekuta kitu tumboni mwake. Farasi-bahari, mzima, mabamba yote mahali pake, rangi tu ndiyo imetoka. Mkia ulikuwa bado umejikunja.

Nahodha alitaka kujua fulusi, samaki wa maji makuu, alimpata wapi mnyama wa majanini. Nikamweleza kuhusu majani na mwani unaokatika na kuelea. Farasi-bahari akiushika huenda nao popote mkondo unapokwenda, na kwa njia hiyo samaki asiyeweza kuvuka ghuba kwa pezi lake amesambaa pwani hadi pwani. Lakini fulusi na jodari nao hupenda kuzunguka chini ya vitu vinavyoelea, na kule nje tonge la majani ndilo kitu pekee cha kutazama. Watafiti waliopasua matumbo ya samaki hao wamewakuta farasi-bahari humo mara nyingi tu.

"Kwa hiyo akikaa analetwa na juya, akisafiri analiwa na fulusi," nahodha akasema.

"Akikaa kwenye majani yasiyokokotwa, anaishi."

Akafikiri kidogo, akasema basi wapo wengi upande wa Charawe, kule maji ni ya tope na wenye nyavu hawapendi kwenda. Atanipeleka nikirudi, ila nije na buti. Mnadani fulusi alikuwa ameshapandishwa mara mbili, na dalali akatuomba tuondoe mdudu wetu mezani.